Usivute, Kijana: Kampeni Kumi kwa Mizani ya Ganda

Kuna mizani ya Geneva na kuna mizani ya Ganda. Ya Geneva, yaani ya Shirika la Afya Duniani, hupima kampeni za kupinga sigara kwa asilimia na majedwali. Ya Ganda, huku kwetu pembeni mwa Malindi, ina swali moja tu: mtoto wa gredi ya nane akiliona hilo tangazo, ataitupa fegi au atacheka kisha aombe kiberiti?

Orodha hii imepangwa kwa mizani ya pili. Tunaanza na zilizoingia kwa kujuana, tunapanda mpaka kwa yenye kiti chake. Asiyekubaliana na mpangilio aje kijiweni, kahawa ipo, ila ajinunulie.

Na asije mtu akasema hili si tatizo letu. Uchunguzi uliofanywa katika shule za Kenya mwaka 2013 ulikuta 9.9% ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 wanatumia tumbaku ya aina fulani: wavulana 12.8%, wasichana 6.7%. Kwenye darasa la watoto hamsini hao ni watano, yaani benchi lote la nyuma, na mwalimu anawajua.

10. Kampeni ya wenye sigara wenyewe

Mwaka 1998 Philip Morris, wenye Marlboro, walizindua Marekani matangazo ya televisheni ya kuwaasa vijana wafikiri na wasivute. Naam, hao hao. Fisi alishapewa bucha. Sasa kaanzisha semina ya usalama wa nyama.

Mwaka uliofuata Lorillard, kampuni nyingine ya sigara, ikaja na yake: tumbaku ni wazimu, ukiwa kijana. Itazame hiyo “ukiwa kijana” inavyochapa kazi. Mwambie mvulana wa miaka 14 wa hapa Msabaha kwamba kitu fulani ni cha watu wazima tu, halafu anza kuhesabu dakika. Hujamwonya, umempa tarehe ya harusi.

Watafiti walipokwenda kuangalia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba vijana walioyaona matangazo ya Philip Morris ndio walioielekea zaidi fikra ya kuvuta. Kampuni ilikuwa pia na matangazo ya wazazi: zungumza na mwanao, atakusikia. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2006, ukakuta kwamba vijana wa madarasa ya juu walioyaona hayo kwa wingi walizidi kuwa na nia ya kuvuta. Atakusikia kweli! Alisikia neno sigara kila jioni kabla ya kipindi chake, akakumbuka kununua.

Imepata nafasi ya kumi kwa kuwa hakuna ya kumi na moja.

9. Fulana ya tarehe 31 Mei

Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani ilianza mwaka 1988, na nia yake haina kasoro. Mada ya mwaka 2024, kwa mfano, ilikuwa kuwalinda watoto dhidi ya mbinu za makampuni ya tumbaku. Mada kali, ya kumkosesha mtu usingizi. Kisha ikachapishwa kwenye fulana.

Mnazijua fulana hizo. Zote saizi ya baba mtu. Ziligawiwa watu wazima waliokaa kwenye hema. Watoto, ambao ndio wenye siku yao, walipewa maji ya chupa na kuambiwa wasogee juani ili picha itoke vizuri. Mgeni wa heshima anatarajiwa saa tatu, anafika saa sita, anasoma hotuba ya afisa mwingine aliyeshindwa kufika, kisha anauliza kwa kipaza sauti: “Mtavuta sigara?” Nao kwa sauti moja: “Hatutavutaaa!” Wale watoto, kwa njaa ile na kwa sauti ile, ukiwauliza kama watakula pilau watakujibu hawatakula.

Mwezi mmoja baadaye utaikuta fulana kwenye bodaboda, mgongoni mwa dereva, pafu jeusi limepauka kwa jua. Dereva anavuta. Abiria ndiye anayesoma ujumbe.

8. Mfalme James wa Uingereza, 1604

Mwaka 1604 mfalme huyu alitunga kijitabu kizima cha kuilaani tumbaku. Akasema inadhuru hata mapafu, miaka mia tatu na ushee kabla madaktari hawajamwekea ushahidi mezani. Hakuna kumbukumbu ya kijana yeyote aliyeacha kuvuta kwa kusoma kitabu cha mfalme.

Amepanda mpaka nafasi ya nane kwa jambo lake la pili: mwaka huo huo aliongeza ushuru wa tumbaku takriban mara arobaini. Hapo alikuwa anaongea lugha ya vijana, lugha ya mfuko. Bunge la Kenya nalo lilipitia njia hiyo mwishoni mwa 2024, likaweka ushuru wa shilingi 4,100 kwa kila sigara elfu, iwe na kichungi au isiwe nacho. Mtu mwenye mshahara hupiga kelele, analipa, anaendelea. Mtoto anayevutia pesa ya nauli hana mahali pa kupandisha bajeti. Itabidi atembee kwa miguu mpaka shuleni, na kikohozi chake.

7. Tamthilia ya shule

Kila mwaka kwenye tamasha za drama haukosi mchezo wa dawa za kulevya, wenye kijana mwema aitwaye Tumaini na kijana mbaya ambaye jina lake ni la Kiingereza. Mwalimu kauandika kwa moyo safi, mwishoni mbaya anakufa na mwema anakuwa daktari.

Lakini kaa kwenye hadhira uangalie. Mbaya anaingia kofia ikiwa nyuma, miwani ya dadake usoni, fegi yake ni kipande cha chaki. Anakivuta, anakipuliza, vumbi jeupe linapanda kwenye mwanga wa dirisha na ukumbi mzima unavunjika mbavu. Ndiye mwenye vichekesho. Ndiye mwenye mwendo. Tumaini kasimama wima kama mlingoti, anakariri madhara ya nikotini kwa ufasaha, na hakuna anayemsikiliza isipokuwa jaji na mamake.

Kwenye onyesho la nne mbaya anakufa. Anakufa kwa shangwe, anafufuka kupiga saluti, na wiki nzima huko shuleni anaitwa kwa jina la mhusika. Wasichana wanamjua. Sasa niambieni, hapo sigara imepata hasara gani?

Ingetosha kubadilisha mgao wa vichekesho. Mpe Tumaini utani, mpe kofia; huyo mwingine mwache akohoe, akose pumzi kwenye wimbo, aombe chaki ya mkopo. Kijana anaweza kuvumilia kufa jukwaani. Hawezi kuvumilia kuonekana mshamba.

6. Babu na kikopo chake

Kampeni hii haina bajeti wala nembo. Hufanyika jioni chini ya mwembe, na msemaji wake ni mzee aliyejiweka vizuri kwenye kiti cha kamba.

“Mjukuu wangu, moshi si chakula.”

“Ndiyo, babu.”

“Nimewazika wengi hapa kwa ajili ya huo moshi.”

“Ndiyo, babu.”

Hapo mzee anatoa kikopo mfukoni, anakigonga kifuniko mara mbili kwa ukucha, anachota ugoro kwa vidole viwili na kuupandisha puani. Macho yanamtoka machozi. Anapiga chafya, kuku wanatawanyika.

“Na hiyo, babu?”

“Hii ni ya kichwa.”

Pembeni mjomba anatikisa kichwa kuunga mkono nasaha, lakini haongei, kwa sababu ana Kuber, tumbaku ya kutafuna, chini ya mdomo na akifungua kinywa itamwagika. Yeye pia ni mpinzani mkubwa wa moshi.

Kicheko kando, mzee amezishinda kampeni nne zilizotangulia kwa kuwa kijana anakaa kumsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna waziri aliyewahi kufanyiwa hapa. Na maziko anayoyataja ni ya watu waliokuwa na majina. Dosari ni hicho kikopo. Tumbaku ya kunusa na ya kutafuna ni tumbaku, na ile ya kutafuna huleta saratani ya kinywa hata kama hujawahi kuwasha kiberiti maishani. Mtoto hajifunzi kwamba tumbaku ni mbaya. Anajifunza kwamba kila umri una yake, na asubiri zamu.

5. Marufuku

Tarehe 28 Desemba 2017 Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, aliipiga shisha marufuku nchini Kenya. Kwa Pwani ilikuwa habari kubwa, maana shisha ilikuwa imewafikia wasichana ambao fegi wasingeigusa hata kwa koleo. Ina ladha ya matunda, ina bomba refu la nakshi, inavutwa mkiwa wengi mmekaa kwenye mito. Nani angeiita sigara?

Januari 2024, mahakama ya Shanzu kule Mombasa ikawaachilia watu walioshtakiwa kwa shisha, kwa hoja kwamba kanuni za hiyo marufuku hazikupelekwa bungeni kama Mahakama Kuu ilivyokuwa imeagiza. Kwa lugha ya kijiweni: miaka sita tumekuwa tukijificha bure.

Halafu ikaja ya muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa aliupiga marufuku, na Gavana Gideon Mung'aro wa hapa kwetu Kilifi naye akafanya vivyo hivyo. Embu, unakolimwa, wakaenda mahakamani na amri zikasimamishwa. Rais naye akasema sheria ya taifa inautambua muguka kama zao. Muguka si tumbaku, najua, lakini hutafunwa na vijana wale wale kwenye viti vile vile, na mafunzo ni yale yale. Siku zile kila redio ya Pwani ilikuwa na muguka asubuhi, mchana na usiku. Mtoto ambaye alikuwa haujui akaujua, akajua unakotoka, saa gari lake linapoingia na bei ya kifuko. Hakuna kampuni ingeweza kulipia matangazo ya kiasi hicho.

Siipingi marufuku. Nimeiweka hapa katikati kwa sababu marufuku inayosimama husaidia kweli, ila ile inayopigwa leo na kupigwa chini kesho humfundisha kijana kitu kimoja tu: kwamba wakubwa hawajaelewana.

4. Mukesh

Wapenzi wa filamu za Kihindi mnamjua. Kabla jina la nyota halijapita kwenye skrini, anakuja kijana wa Kihindi kalala hospitalini, mipira puani, anaeleza kwamba alitafuna gutka mwaka mmoja tu, na sasa ana saratani ya kinywa. Alikufa mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 24. Serikali ya India ikamweka kwenye kumbi za sinema, na tangu Oktoba 2012 ikakaza kanuni: filamu yenye uvutaji ioneshe onyo mwanzo na katikati, na kila sigara inapowashwa maandishi yapite chini ya skrini. Mwaka 2013 mtengenezaji filamu wa Marekani Woody Allen akakataa filamu yake Blue Jasmine ioneshwe India kwa ajili ya maandishi hayo. Yaani alikuwa radhi kupoteza watazamaji wa nchi nzima kuliko kuharibiwa moshi wake. Uraibu wa namna hii ni wa sanaa.

Mukesh hakutengenezewa Ganda. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kwenye flashi na kwenye kibanda cha video, na kwa bahati alichokuwa akikitafuna ni ndugu wa Kuber ya mjomba wetu. Nguvu yake iko wazi. Ni kijana, si mzee wa miaka sitini. Ana jina. Hakuwa mvutaji wa miaka na mikaka, mwaka mmoja! Kijana anayejiambia “mimi naonja tu” anakosa pa kujificha.

Kilichomshusha mpaka nafasi ya nne ni kuchoshwa. Tangazo likirudiwa mara mia, huruma inakauka na utani unaota. Huko kwao kwenye intaneti, matangazo haya ya sinema yamegeuzwa vichekesho. Na kibandani kwetu mwenye rimoti anajua pa kusogeza mbele.

3. SKY Girls

Hii ilianzia Botswana mwaka 2014, ikasambaa Afrika na kufika Kenya, na ilinishangaza kwa jambo moja: haizungumzii mapafu. Karibu haizungumzii sigara. Ni jukwaa la wasichana walio katika ujana wao wa mwanzo, lenye majarida, muziki na kurasa za mitandaoni, linaloongea habari za nywele, marafiki, mavazi, wavulana, kujiamini. Ndani yake, bila tarumbeta, mna wazo kwamba msichana anayejijua hahitaji kushika bomba la shisha ili akubalike.

Mzazi wa Ganda atauliza: sasa hapo mmepinga nini? Mmepinga kitu chenyewe. Hakuna msichana anayeanza kuvuta kwa sababu alikosa habari za saratani. Anaanza Jumamosi usiku, kwenye disko matanga, wakiwa wanne, bomba au fegi inazunguka, imemfikia, na macho sita yanamtazama. Wakati huo pafu jeusi la kwenye bango liko mbali sana. Kilicho karibu ni jibu: aseme nini ili akatae na bado abaki mtu wa kikundi? Kampeni iliyompa jibu la kuchekesha la maneno matatu imemfaa kuliko iliyompa kurasa thelathini.

Lalamiko langu ni la wavulana. Rudini kwenye zile asilimia za mwanzo: wanaotumia zaidi ni wao, karibu mara mbili. Nao macho yanawatazama vile vile, pale uwanjani baada ya mechi, na wao wana kiburi zaidi na majibu machache zaidi. Aanzishaye jukwaa lao asilete daktari. Alete kinyozi.

2. Mifuko 1,200 ya maiti

Twende New York, mwaka 2000. Vijana wanashusha kwenye lori mifuko ya kubebea maiti na kuipanga nje ya makao makuu ya Philip Morris, mmoja mmoja, mpaka inafika 1,200. Ndiyo idadi ya Wamarekani waliokuwa wakiuawa na tumbaku kwa siku. Mmoja anashika kipaza sauti na kuwaeleza waliomo ndani ya jengo, nao wanachungulia madirishani. Hiyo ndiyo kampeni iliyoitwa Truth. Ilianzia Florida mwaka 1998, ikawa ya taifa zima mwaka 2000, na utamu wake wa kwanza ni mahali pesa za hiyo ya taifa zilipotoka: kwenye mapatano ya Novemba 1998 ambayo yaliyalazimisha makampuni ya sigara kulipa majimbo. Walilipia mifuko yao wenyewe.

Utamu wa pili ni kwamba hawakumwambia kijana asivute. Hata mara moja. Walimwambia: kuna watu wenye suti wanakuhesabu. Na walikuwa na ushahidi, kwa sababu nyaraka za ndani za makampuni zilikuwa zimeshatoka. Moja ya mwaka 1984, ya R. J. Reynolds, inaeleza bila haya kwamba vijana ndio chanzo pekee cha wavutaji wa kujaza nafasi za wanaoondoka. Wanaoondoka kwenda wapi, nyaraka haikufafanua.

Ujana ni uasi. Kila mzazi anajua. Sigara ilikuwa imeuteka uasi huo na kuuuza kwa paketi. Truth wakaurudisha kwa wenyewe: unataka kuasi? Muasi huyu anayekufanya mjinga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulisema kampeni hiyo ilichangia kama 22% ya kupungua kwa uvutaji miongoni mwa wanafunzi wa Marekani kati ya 1999 na 2002. Linganisheni na fisi wa nafasi ya kumi, walikuwa hewani kipindi kile kile.

Kwetu vifaa vya kampeni kama hiyo viko tele, vinasubiri mtu wa kuviokota. Miaka ya 1980 Safari Rally yetu, ile iliyokuwa ikitimua vumbi mpaka watoto wakaacha shule, ilibeba jina la Marlboro. Mwaka 2019 kampuni ya sigara ya BAT ikaleta vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, jina Lyft, vina ladha na havina moshi, vikasajiliwa kama bidhaa ya dawa. Oktoba 2020 Waziri Mutahi Kagwe akasema usajili huo haukufuata sheria, vikaondolewa. Mwaka 2022 vikarudi. Jina? Velo. Kijana wa Ganda akibadilisha jina ili arudi shule aliyofukuzwa, tunamwita mjanja na tunamtafutia kiboko.

Tangazo langu la redio lingekuwa sekunde ishirini, Kigiriama kwanza, Kiswahili baadaye, na lingekuwa hesabu tupu. Fegi tatu kwa siku, tuseme shilingi 15 moja: kwa mwaka ni shilingi 16,425. Hiyo ni simu, na bando zake. Kisha sauti inauliza: simu yako ameishika nani?

1. Picha kwenye paketi

Mnashangaa? Mnaona picha ile ya ugonjwa mnasema mbona tumeizoea? Msinisikilize mimi, wasikilizeni wenye sigara.

Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 iliyafuta matangazo ya sigara na udhamini wake, ikazuia kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na ikataka maandishi ya onyo kwenye 30% ya uso wa paketi na 50% ya mgongo. Maandishi yalisomwa na walimu. Ndipo zikaja kanuni za mwaka 2014: sasa ziwekwe picha, na makampuni yachangie 2% ya thamani ya bidhaa zao kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. BAT wakaenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni hizo. Mwaka 2016 zikapita kwa sehemu kubwa. Wakaenda Mahakama ya Rufaa, 2017 wakashindwa. Wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 26 Novemba 2019 rufaa yao ikatupwa. Picha zenyewe zilikuwa zimeanza kuonekana madukani tangu 2016.

Si kwetu tu. Uruguay ilipotaka onyo na picha zifunike 80% ya paketi, Philip Morris waliishtaki nchi nzima mwaka 2010, wakashindwa 2016. Australia walipoondoa hata rangi na nembo mwaka 2012, ikawa kesi tena.

Basi pigeni hesabu nami. Fulana ya 31 Mei imewahi kushtakiwa na nani? Tamthilia yenye chaki imewahi kuitiwa wakili? Hata babu hajapata barua. Kampuni yenye wanasheria wa bei ile haipotezi miaka mahakamani kupinga kitu kisichoikera. Wao ndio waliozipa picha namba moja, mimi nimenakili tu. Wanajua kwamba paketi ni bango lao la mwisho. Redio wamenyimwa, televisheni wamenyimwa, rally wamenyimwa. Kimebaki kiboksi kinachotolewa mfukoni mbele ya marafiki mara kumi kwa siku. Ukikiweka donda usoni umeharibu pozi.

Na hapa ndipo mizani ya Ganda inapoleta matata. Sheria ile ile ya 2007 inakataza kuuza sigara chini ya kumi kwa pakiti. Sasa nenda kwenye kibanda chochote hapa kwetu, kile chenye wavu wa kuku mbele na tundu la kupitishia mkono. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi, umefungwa kwenye msumari ili kisitembee. Kando ya peremende kuna mkebe wa plastiki, na ndani yake fegi zimesimama wima, moja moja, nyeupe, safi, hazina neno wala picha. Mtoto anaweka sarafu, hasemi kitu, anapewa moja na peremende ya kuua harufu. Anainama kwenye kiberiti, anawasha, anaondoka. Hakuiona paketi. Miaka yote ile ya kesi, majaji wa ngazi tatu, na picha haikumfikia.

Ingefika kwa kazi ndogo tu: afisa wa kaunti apite vibandani auone ule mkebe kuwa ni kosa, maana ni kosa. Hahitaji semina wala hema. Kwa sasa paketi tupu zinabaki ndani, nyuma ya wavu, na anayezitazama kutwa nzima ni mwenye duka. Picha zote anazijua kwa zamu yake, hii ya mwezi huu, ile ya mwezi uliopita. Muulize kama anavuta.

“Mimi? Ah, mimi siwezi. Huzioni hizi picha?”